Gari la Moshi la Nanyuki na Hesabu ya Siku Saba



Katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani tunavuka mpaka wa kaskazini na kuingia Kenya. Habari za reli ya nchi hiyo zinaposikika, mara nyingi huwa ni habari za treni kubwa ya Mombasa na Nairobi. Leo tunaiacha treni hiyo, tunakwenda kutazama njia ndogo itokayo Nairobi, ikapita Thika, Murang'a, Sagana na Karatina, hadi Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Njia hiyo ina funzo kwetu sote, na zaidi kwenu ninyi ambao kazi yenu ni kuilinda mali ya umma. Funzo lenyewe ni kwamba kuifufua reli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulifanya gari la moshi lipite mara nyingi kiasi cha kumfaa mwananchi anayeishi kando ya reli hiyo.

Tuanze na historia. Reli iliyoitwa Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Baada ya hapo yakaanza kujengwa matawi. Tawi tunalolizungumzia lilifika Thika mwaka 1913, nalo likasogezwa kidogo kidogo hata likafika Nanyuki mwaka 1930. Mkoloni hakulijenga tawi hilo kwa ajili ya mwanakijiji wa Murang'a au wa Nyeri. Alilijenga kwa ajili ya kahawa, ngano na mifugo ya walowezi waliokuwa wamekwisha kuitwaa ardhi nzuri ya nyanda za juu. Hata hivyo, reli ikishawekwa haiulizi nani aliyeiagiza. Watu wa vijijini nao walijifunza kuitumia kusafiri, kupeleka mazao na kwenda kutafuta kazi mjini.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na reli za nchi zetu ziliendelea kuendeshwa kwa pamoja hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na reli zake na matatizo yake. Barabara za lami ziliongezeka, malori na mabasi yakachukua abiria na mizigo, na fedha za kutengeneza reli zikapungua. Mwaka 2006 Kenya na Uganda zilikabidhi uendeshaji wa reli zao kwa kampuni binafsi kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 25. Mkataba huo haukufika mbali. Kwa upande wa Kenya ulikatishwa mwaka 2017. Katika miaka hiyo ya unyonge njia ya Nanyuki ilikuwa imelala. Majani yaliota katikati ya mataruma, na katika miji midogo vibanda vya biashara vilijengwa hadi ukingoni mwa chuma.

Mwaka 2020 serikali ya Kenya iliamua kuifufua. Kazi hiyo iligharimu shilingi za Kenya bilioni 1.8, na miongoni mwa waliotoka jasho walikuwamo vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, chombo ambacho sisi tunaweza kukifananisha na Jeshi letu la Kujenga Taifa. Vijana hao walifyeka vichaka, wakafukua reli zilizozama udongoni na kusaidia kubadilisha mataruma. Desemba 2020 treni ya abiria ikafika tena Nanyuki. Nauli ya safari nzima iliwekwa kuwa shilingi 200 za Kenya, ambayo ilikuwa chini sana ya nauli ya gari la barabarani. Watu wazima waliowahi kuipanda treni hiyo utotoni walikwenda stesheni kuitazama, na watoto waliiona kwa mara ya kwanza. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi hatuna budi kuwapongeza majirani zetu.

Lakini, ndugu wasikilizaji, tuitazame ratiba iliyotangazwa treni hiyo iliporudi. Iliondoka Nairobi siku ya Ijumaa asubuhi, ikafika Nanyuki alasiri. Iliondoka Nanyuki siku ya Jumapili asubuhi, ikarudi Nairobi. Basi. Safari moja ya kwenda na moja ya kurudi katika juma zima.

Sasa na tufanye hesabu ya siku saba. Mtu anayekaa Nairobi, mwenye kazi ya mshahara, anapanda Ijumaa, analala Nanyuki usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, kisha Jumapili anarudi mjini tayari kwa kazi ya Jumatatu. Kwake yeye ratiba hiyo ni nzuri mno. Amelala nje siku mbili, ameuona mlima, amewasalimu wazee.

Hebu tumtazame mkulima wa Karatina. Mji huo una soko maarufu, na vijiji vinavyouzunguka vinalima viazi, kabichi, karoti na nyanya. Mkulima huyo akitaka kwenda Nairobi kwa treni, hana siku nyingine ila Jumapili. Akitaka kurudi kwa treni hiyo hiyo, hana siku nyingine ila Ijumaa. Maana yake ni kwamba atalala mjini usiku wa Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi: usiku wa siku tano. Ni mkulima gani awezaye kuliacha shamba siku tano ili auze magunia mawili ya viazi? Na je, akishalipia chakula na malazi ya siku tano, ile nafuu ya nauli itakuwa imebaki wapi?

Kwa hiyo treni ni moja, nauli ni moja, reli ni ile ile. Lakini kwa mtu wa mjini ni usafiri, na kwa mtu wa shamba ni kitu cha kupungia mkono. Ratiba imeandikwa kana kwamba kila msafiri ana nyumba yake Nairobi.

Tena tusimsahau askari mwenzenu wa nchi hiyo. Njia hii ina sifa ya pekee. Karibu na Nairobi inapita Kahawa, palipo na kambi ya jeshi. Inapita Kiganjo, kilipo Chuo cha Polisi cha Kenya. Inakwisha Nanyuki, mji ambao kando yake kipo kituo cha jeshi la anga cha Laikipia. Askari aliye Kiganjo au Nanyuki akipewa ruhusa ya mwisho wa juma, anataka kuondoka Ijumaa kwenda Nairobi na kurudi Jumapili ili Jumatatu asubuhi awe kazini. Treni inafanya kinyume chake kabisa. Ijumaa anapotaka kushuka, yenyewe inapanda. Jumapili anapotaka kupanda, yenyewe inashuka. Basi askari huyo, kama mkulima yule, anarudi barabarani kutafuta gari.

Na barabara za Kenya, kama barabara zetu, zinadai roho za watu. Katika kila mmoja wa miaka ya 2021, 2022 na 2023, watu zaidi ya 4,000 walipoteza maisha katika ajali za barabarani nchini humo. Polisi wa usalama barabarani mnaotusikiliza hamhitaji kufafanuliwa maana ya tarakimu hiyo. Ninyi ndio mnaofika mahali pa ajali kabla ya jamaa za marehemu. Hatusemi kwamba treni moja ya Nanyuki ingeweza kuzifuta ajali hizo. Tunasema kwamba kila abiria anayeweza kusafiri kwa reli, kisha akalazimika kusafiri usiku barabarani kwa sababu siku ya treni haikuwa siku yake, ameongezwa katika hatari isiyo ya lazima.

Hapana shaka wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba abiria hawatoshi, na kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza safari. Hoja hii imetanguliza mkia mbele ya kichwa. Idadi ya watu wanaopanda treni ya mara moja kwa juma haiwezi kuwa kipimo cha watu wanaotaka kusafiri katika siku sita nyingine. Ni sawa na zahanati kufunguliwa Ijumaa peke yake, kisha mganga akaandika katika taarifa yake kwamba kijiji kizima huumwa Ijumaa tu. Majirani zetu wenyewe wanao ushahidi juu ya jambo hili. Treni yao mpya ya Mombasa na Nairobi ilipoanza katikati ya mwaka 2017, ilikuwa na safari moja kwa siku kila upande. Kabla ya mwaka huo kwisha ikaongezwa ya pili, na baadaye ikaongezwa ya usiku. Ni kweli kwamba Mombasa si Nanyuki. Hata hivyo, kanuni ni moja: msafiri huizoea treni anayoweza kuitegemea, na huisahau ile inayomlazimisha kupanga maisha yake yote kwa kuifuata.

Hoja ya pili ni kwamba treni hiyo ni ya polepole. Hiyo ni kweli. Njia ni ile ya kale, nyembamba, yenye upana wa mita moja, iliyojengwa kwa kuzunguka vilima. Kutoka bonde la Sagana hadi Nanyuki inapanda mamia ya mita. Safari nzima huchukua kama saa saba, na gari la barabarani hutumia muda mfupi zaidi. Lakini mwenye magunia, mwenye watoto watatu, mzee asiyeweza kubanana katika gari dogo, hao hawaogopi saa saba. Wanachokiogopa ni siku saba. Mtu huvumilia mwendo wa pole. Hawezi kuvumilia kuambiwa arudi Ijumaa ijayo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: vichwa vya treni na mabehewa ni vichache, na kila safari ina gharama ya mafuta, wafanyakazi na matengenezo. Hapa pia hesabu itusaidie. Juma lina saa 168. Safari ya kwenda na ya kurudi, kila moja ikiwa na saa saba, ni saa 14. Saa 154 zinazobaki, treni hiyo haikuwa ikimbeba mtu hata mmoja katika njia hiyo. Baina ya Ijumaa alasiri na Jumapili asubuhi hapakuwa na safari yoyote iliyowekwa katika ratiba hiyo. Kwa hiyo kuongeza safari ya pili si lazima kuwe na maana ya kununua treni ya pili. Huenda ikawa ni kuipa kazi ile iliyopo. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Treni ya Nanyuki ilipokewa kama mgeni, kwa ngoma na vigelegele. Baada ya mapokezi ni haki yake kupewa jembe.

Jembe lenyewe lingeweza kuwa la namna gani? Sisi si wataalamu wa kuwaandikia majirani ratiba, lakini mtu yeyote anayeitazama njia hiyo huyaona mambo matatu yasiyohitaji mabilioni mengine.

La kwanza ni safari ya pili katikati ya juma, iliyopangwa kwa kumfikiria mtu wa shamba: treni iondoke Nanyuki siku moja asubuhi, na siku inayofuata iondoke Nairobi kurudi. Mkulima angelala mjini usiku mmoja badala ya usiku wa siku tano.

La pili ni safari fupi ya siku ya Jumamosi. Badala ya kuishi juma zima bila treni ya karibu, watu wa Naro Moru, Kiganjo, Karatina na Sagana wangepata treni ya kwenda sokoni asubuhi na kurudi jioni, bila kufika Nairobi kabisa. Katika njia ya mashambani wasafiri wengi hawaendi mji mkuu. Wanakwenda mji wa pili au wa tatu kutoka kwao. Kwa safari fupi kama hizo si lazima livutwe garimoshi zito. Mwaka 2020 Kenya ilinunua kutoka Hispania treni 11 zijiendeshazo kwa dizeli, zile ambazo injini yake imo ndani ya behewa lenyewe, kwa ajili ya abiria wa Nairobi na vitongoji vyake. Namna hiyo ya treni ndiyo ambayo nchi nyingi zimeitumia kuziokoa njia ndogo za vijijini.

La tatu ni behewa la mizigo kufungwa katika treni ya abiria, ili mama wa Maragua apande na ndizi zake na mkulima wa Karatina apande na viazi vyake. Abiria asiye na mahali pa kuuweka mzigo wake ni abiria nusu.

Ndugu maafisa na askari, mtauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wenye silaha? Yanawahusu sana.

Wengi wenu mmewahi kupewa kazi ya kulinda daraja, stesheni au kipande cha reli. Mnajua kwamba hakuna jeshi wala polisi wa nchi yoyote awezaye kumweka askari katika kila mita 100 za njia yenye urefu unaozidi kilomita 200, usiku na mchana, mvua na jua. Mlinzi wa kwanza wa reli ni mwananchi anayeitumia. Yeye ndiye anayeiona misumari iliyong'olewa. Yeye ndiye anayemtambua mgeni anayekata chuma usiku. Akiwa na safari kesho, atapiga mbio kutoa habari. Akiwa hana safari, atageuka upande wa pili alale.

Kenya imekwisha kuonja uchungu wa jambo hilo. Mapema mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliing'oa reli katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na njia ya kwenda Uganda ikakatika. Katika mtaa ule reli ilipita mlangoni mwa maelfu ya watu, lakini wengi wao waliiona kuwa ni mali ya serikali na ya wafanyabiashara wa mbali. Tena Januari 2022 serikali ya Kenya ililazimika kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya taifa. Marufuku ni dawa ya muda. Dawa ya kudumu ni kumfanya mwananchi aseme "reli yetu" na akaimaanisha.

Aidha kuna jambo la haki. Njia hii ilipofufuliwa, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wamejenga ndani ya hifadhi ya reli waliondolewa. Sheria ilikuwa upande wa reli; treni haiwezi kupita juu ya vibanda. Lakini kila askari anajua uzito wa kazi ya kumwondoa mama mwenye genge lake la mboga. Anapomwambia, "Ondoka, treni inapita", mama huyo ana haki ya kuuliza inapita lini, na inapita kwa ajili ya nani. Jibu likiwa ni kwamba inapita kila siku, nayo itampeleka sokoni yeye na mboga zake, amri ile ina sura ya maendeleo. Jibu likiwa ni kwamba inapita Ijumaa ikiwa na watalii, na hurudi Jumapili, basi tumempokonya mahali pake bila kumpa kitu cha kushika mkononi.

Kwa sababu hiyo wananchi wa njia hiyo wanayo haki ya kudai treni zaidi, na njia ya kudai imewekwa wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha na kupeleka maombi kwa mamlaka za umma. Njia bora ya kulitetea jambo kama hili ni ile ya utulivu na hesabu: kila mji uhesabu wasafiri wake wa sokoni, wanafunzi wake, wagonjwa wake wanaokwenda hospitali kubwa, na magunia yake, kisha hesabu hiyo ipelekwe kwa maandishi kwa viongozi na kwa shirika la reli. Anayeomba hivyo si mgomvi wa serikali. Ni mtu anayeisaidia serikali ipate faida ya fedha iliyokwisha kuitumia. Askari akilindapo mkutano wa watu wa namna hiyo, na ajue kwamba anawalinda walinzi wenzake wa reli.

Nasi tusijione tumemaliza. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi, na Agosti 2020 ikafika tena Arusha baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Mwaka 2024 treni yetu ya umeme ilianza kwenda Morogoro na Dodoma, nayo imetuonyesha jinsi wananchi wanavyoihama barabara pindi wanapopewa saa za kuchagua. Swali linalowahusu watu wa Karatina linawahusu vile vile watu wa Korogwe na Same: je, ratiba ya treni imeandikwa kwa kumtazama mtu wa mjini peke yake, au imemtazama na yule anayesimama na mzigo wake katika stesheni ndogo?

Reli ya Nanyuki ilijengwa na mkoloni kwa faida yake. Vijana wa Kenya waliifufua kwa jasho lao. Kilichobaki ni kumkabidhi mwananchi wa kawaida, na hati ya makabidhiano hayo ni ratiba. Tunawatakia majirani zetu mafanikio katika jambo hilo, na hapo ndipo tunapokomea kwa leo.